Barabara ya Karatasi

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na kazi ya mikono: atengeneze mlima, mto na daraja kwa karatasi, avipange juu ya kadibodi, avipeleke darasani Jumatatu. Siku hizi kazi ya mtoto ni kazi ya nyumba nzima, kwa hiyo mimi nikatumwa jikoni kukoroga gundi. Nikachukua unga wa muhogo, maji na sufuria kuukuu, kama nilivyofundishwa zamani. Ulipoanza kushika chini, ile harufu ya uchachu na kuungua ikanipanda puani, nikazima jiko nikatafuta kiti. Mjukuu akaniuliza, "Nyanya, umechoka?" Nikamwambia ndiyo, nimechoka. Nilimdanganya. Nilikuwa nimeingiwa na hofu, hofu ileile ya Bukoto, ambayo mama yangu ametutoka majuzi bila hata mmoja wetu kuitaja mbele yake.

Tulikuwa tunakaa Bukoto, kwenye maghorofa, Kampala ilipokuwa mikononi mwa wanajeshi. Wenzangu wa rika langu mliokulia kule hamhitaji kuelezwa. Sisi tulikuwa Wakenya. Baba alifanya kazi kwenye kivuko cha mabehewa, ile meli inayomeza mabehewa ya treni Port Bell na kuyatema Kisumu, na alikuwa akilala upande huu siku kadhaa, upande ule siku kadhaa. Kila aliporudi nyumbani alikuja na karatasi: mifuko ya saruji iliyopasuka, vipande vya kadibodi, karatasi za fedha zinazokaa ndani ya pakiti za sigara. Wengine waliletewa sukari na baba zao. Mimi niliona tumewazidi.

Maana kwa karatasi hizo mimi na baba tulijenga barabara juu ya meza ya kulia, kutoka Kampala hadi Kisumu. Karatasi ngumu ya saruji unailowesha, unaifinyangafinyanga, unaipaka gundi ya muhogo, unaiacha ikauke juu ya bakuli lililofunikwa, halafu unachomoa bakuli na kilima kimesimama. Miti ya msitu wa Mabira tuliisokota kwa karatasi na kuichanachana ncha. Maji ya Nile pale Jinja yalikuwa karatasi za sigara. Nyumba na mabasi tuliyakunja kwa kadibodi, na kabla ya kukunja baba alinifundisha kukwaruza mstari kwa kalamu iliyokwisha wino, ili mkunjo uwe mnyoofu. Dadu pia tulikunja wenyewe. Unarusha dadu, basi lako linatembea, na wa kwanza kufika Kisumu ndiye mshindi. Mimi sikuwa mtoto wa kukubali kushindwa. Mdogo wangu Wafula, ambaye hakuwa hata ameanza shule, nilimshinda kila siku bila huruma, na akilia nilimwimbia.

Mama hakuupenda mchezo huo hata kidogo. Unga wa muhogo ulikuwa chakula, nao ulikuwa ukitafutwa kwa tochi. "Watu wanalala njaa," alikuwa akisema, "nanyi mnapikia milima uji." Baba alikuwa akicheka tu na kuniminyia jicho.

Kisha safari moja baba akavuka na kivuko, na kivuko kikarudi bila yeye. Niliyojua wakati ule ni maneno ya mama: "Baba amechelewa na meli." Ninayoyajua leo ni mengine. Serikali ya kule ilikuwa imekorofishana na Kenya, na Wakenya walikuwa wakichukuliwa makazini na majumbani, wengine wasionekane tena. Baba alionywa akiwa Kisumu asikanyage tena Port Bell, maana waliokuwa wakimtafuta walikuwa wanamsubiri gatini. Mwenzake mmoja wa kazini alipenyeza habari hiyo kwa jirani yetu Nalongo, na Nalongo akamletea mama kwa mdomo, huku akijifanya amekuja kuomba chumvi. Kwa hiyo mama alikuwa na kazi moja tu: atutoe sisi wawili kwa njia ya barabara, apite katikati ya askari, atufikishe Busia, avuke. Na asituambie, kwa sababu watoto hawafungiki midomo. Wafula angemwambia muuza maandazi. Mimi ningewaambia wote wa ghorofa, tena kwa kujisifu.

Mchana mmoja akaja akaketi mezani, mahali pa baba. Mbele yake aliweka sufuria ya gundi aliyoipika mwenyewe, unga wake mwenyewe. Akaitazama ile barabara yetu kwa muda, kisha akasema, "Nekesa, nitengenezee vizuizi. Hapa, hapa, na hapa darajani." Nilikaribia kuruka kwa furaha. Niliamini mama ameanza kuupenda mchezo wangu. Nikakunja vibanda vidogo, nikabandika njiti ya kiberiti kati ya vipande viwili vya kadibodi ili ipande na kushuka, nikapaka mistari myekundu kwa maji ya kiazisukari. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko kile.

Sheria mpya alizileta yeye. Basi likifika kwenye kizuizi, anayecheza anashuka kitini, anasimama mbele ya mama, na mama ni askari. Mikono nyuma, kidevu juu, sauti nzito. "Nyinyi nakwenda wapi?" Jibu lilikuwa, tunakwenda msibani, kwa babu, karibu na Busia. Majina yetu hayakubadilishwa; akina Wafula na Nekesa wamejaa pande zote mbili za mpaka. Lakini ukitaja Kenya, unarudi Kampala. Ukicheka, unarudi Kampala. Ukitaja Kisumu, bandari, au kazi ya baba, unarudi Kampala. Nami nilipokuwa nakaribia kushinda ndipo alipouliza maswali mengi zaidi. Niliona ni dhuluma, nikamwambia hajui kucheza.

Sheria iliyoniudhi kuliko zote aliileta Nalongo. Nalongo alikuwa Mganda, mama wa pacha, mnene, mwenye kicheko cha kusikika ghorofa tatu chini. Aliingia siku moja akanikuta nimesimama wima mbele ya mama nikijibu.

"Bannange! Mtoto wa kike nasimama kama mlingoti," alisema. "Mama Nekesa, huyu atawauza. Chini, nyabo. Chini kabisa."

"Kwa nini Wafula asipige magoti?" niliuliza.

"Wafula ni mwanaume. Wewe ukisalimu mkubwa, magoti inafika chini kwanza, mdomo baadaye. Tena macho usimwangalie."

Kwetu hatukuwa na desturi hiyo. Mama alizaliwa kwenye nyumba za reli, Nakuru, akasoma kwa masista, na sikuwahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. Lakini kwenye mchezo akaifanya sheria: Nekesa anapiga magoti kwanza, ama anarudi mwanzo. Nalongo akanisukuma mabega mpaka nikazoea, akisema magoti yangu ni ya chuma. "Samaki mkunje angali mbichi," mama akasema. Nalongo akamgeukia, "Na wewe mwenyewe? Utaweza?" Mama akacheka kidogo. "Mimi ni mtu mzima, Nalongo. Hiyo si kazi."

Wafula hakuwa na shida ya magoti. Shida yake ilikuwa swali la mwisho. Askari-mama alikuwa akimuuliza, "Baba yako iko wapi?" na alitakiwa kujibu, "Amekufa, tunakwenda kumzika." Alikataa katakata. "Baba yuko melini," alisema. Mama akamrudisha Kampala. Akarusha dadu upya, akatembea, akafika kizuizini, akaulizwa. "Baba yuko melini." Mama akambembeleza, akampa kipande cha muwa, akamfinya sikio. Mtoto alilia machozi, lakini baba akabaki melini. Neno hilo moja lingetosha: mwanajeshi yeyote angejua ni meli ipi, na ya watu gani. Mimi nilifurahi tu kwamba anashindwa. Nilikuwa nasema "baba amekufa" bila kupepesa macho, nikipita kizuizi baada ya kizuizi, na mama alikuwa akiniangalia kwa namna ambayo sikuielewa.

Jambo jingine sikulielewa. Kila tukimaliza kucheza, mama alivikusanya vile vizuizi vyangu na kuvitia kwenye jiko la mkaa. Vyote, hata kile cha daraja chenye mistari. Kesho yake anaketi tena na kuniambia, "Tengeneza." Nilikasirika nikamwita mchoyo, nikisema kama hataki mchezo asicheze. Akanijibu kwamba vitu vya karatasi huleta mende. Nikaanza kuviunda ovyo, njiti zimepinda, maana kwa nini nijisumbue kwa kitu cha kuchomwa? Naye kila siku alikuwa anakonda, na kila viatu viliposikika kwenye ngazi aliweka kiganja juu ya mdomo wa Wafula.

Asubuhi ya safari aliichukua barabara yote, Mabira na Nile na vilima vya baba, akaizamisha kwenye karai la maji, akaikanda mpaka ikawa uji, akaimwaga chooni. Nililia kama aliyefiwa kweli. Alinikamata mabega. "Leo tunacheza kwa basi la kweli," alisema. "Sheria zote ni zilezile. Nekesa, leo ukishindwa sitaweza kukurudisha mwanzo." Kisha akavaa gomesi la Nalongo, lile vazi la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, kama wanawake wote wa kule wanaokwenda msibani. Nalongo alimfunga mshipi akilia kimya kimya. Sikujua ni kwa nini.

Nikwambie ukweli, nilipanda basi lile nimefurahi. Kizuizi cha kwanza askari alichungulia tu dirishani akatupungia mkono, na nikamnong'oneza Wafula kwamba tayari namwongoza. Cha pili walipanda, wakatazama mizigo, wakachukua kuku wa mtu. Tukaingia Mabira, na miti ilikuwa mirefu kupita kiasi. Nilikuwa nimezoea kuiona kutoka juu. Hapo furaha ilianza kunitoka. Watu ndani ya basi hawakuwa wanaongea. Mwanamke mmoja mbele yetu alikuwa anasali midomo ikicheza bila sauti.

Darajani Jinja tulishushwa. "Toka chini! Yote! Panga laini!" Wanaume walitakiwa kuonyesha tiketi za kodi. Wanawake hawakuwa na karatasi kama hizo, kwa hiyo wao walipimwa kwa maneno na mwenendo. Mwanamume mmoja wa shati la bluu, aliyekuwa amekaa nyuma yetu na kumpa Wafula njugu, alijipapasa mifuko, akajipapasa tena. Askari wawili wakamshika mikono na kumpeleka nyuma ya magunia ya mchanga. Tukasikia pigo, tukasikia sauti yake mara moja, kisha hatukuisikia tena. Njugu zilikuwa bado mkononi mwa Wafula. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama hakuwa amependa mchezo wangu. Nikaelewa vile vizuizi vilivyochomwa na kile kiganja mdomoni, vyote kwa pamoja.

Wanawake waliotutangulia, askari alipowafikia, walishuka chini mmoja baada ya mwingine, magomesi yakatandazwa kwenye vumbi. Wakasalimu kutoka huko chini. Akafika kwetu. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti kabla hajasimama vizuri. Wafula alisimama kando yangu, mikono ubavuni, kama alivyofundishwa.

Mama alibaki wima.

Sitamsahau maisha yangu yote jinsi alivyosimama. Mikono nyuma. Kidevu juu. Alisimama vilevile alivyosimama mezani kwetu kila siku, kwa sababu kila siku askari alikuwa yeye. Mwenzake wa kujifunza magoti hakuwepo. Upande wake wa mchezo hakuna aliyeucheza. Tena samaki huyu alikuwa ameshakauka, amekaukia Nakuru na kwa masista, na hofu ilikuwa imemgandisha katika umbo lile alilolizoea. Mwanamke aliyevaa gomesi, anayekwenda msibani, mbele ya bunduki, anamtazama askari usoni. Wanawake wenzake walikuwa wanamwangalia kwa pembe ya jicho na mmoja akajisogeza mbali nasi.

Askari akatabasamu. Afadhali angefoka. "Wewe mama," alisema, "nasimama namna gani? Wewe ni mwanaume?"

Sidhani kama mama alisikia.

"Bibi ya hapa hasimami namna hii. Wewe ni wa wapi?"

Nikavuta pindo la gomesi. Nikavuta tena kwa nguvu. Nilikuwa nimesema maneno yale mara nyingi mno mezani, nikimharakisha Wafula au baba, hata yakatoka yenyewe. "Mama," nilinong'ona, "zamu yako."

Akashusha macho akaniona. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa kwa maji. Kisha akashuka. Hakushuka kwa wepesi kama wale wengine; alianguka goti moja, akashika ardhi, likafuata la pili, na kitu kikavunjika usoni mwake ambacho hakikupona tena siku zote nilizomjua. "Nisamehe, afande," alisema, macho yakiwa kwenye buti za yule kijana. Maana alikuwa kijana tu, ndevu zilikuwa hazijamwota vizuri. "Msiba umenivuruga akili."

"Nani nakufa?"

"Bwana yangu, afande."

Akamzunguka mama polepole, akaitazama ile mikono iliyokuwa sasa imetulia mapajani. Hakuwa ameshawishika. Mtu anayetaka ukweli hamuulizi mkubwa, naye alilijua hilo. Akachuchumaa mbele ya Wafula, bunduki ikalala juu ya goti lake.

"Wewe kijana. Baba yako iko wapi?"

Nilifumba macho. Nilijua jibu lake. Nilikuwa nimemsikia akilitoa kwa muwa na kwa kufinywa masikio, na hakuwa amelibadilisha hata siku moja. Nilisikia maji ya Nile yakinguruma chini ya daraja, na nikaanza kuomba kwa maneno yasiyo na mpangilio, nikimwambia Mungu kwamba sitashinda tena kitu chochote.

Nikafumbua jicho. Wafula hakuwa akimtazama askari. Alikuwa anamtazama mama pale chini. Hakuwahi kumwona mama akiwa mfupi kuliko yeye. Alimtazama, na njugu zikamdondoka mkononi. Kisha akalia. Hakulia kilio cha mezani cha kudeka. Alilia kwa kifua chote, mpaka dereva wa basi akageuka kuangalia.

"Amekufa," alisema. "Baba amekufa! Baba amekufa!"

Askari akainuka haraka, kama mtu aliyemwagiwa kitu. Akakuna shingo. "Basi, basi, kijana, nyamaza," alisema, na kwa mama, bila kumwangalia, "Ingia. Pole. Nenda."

Kutoka hapo hadi Busia Wafula alilia mpaka akachoka, akalala, akaamka, akalia tena. Mama alimpakata. Hakuweza kumwambia lolote, kwa sababu basi lilikuwa limejaa masikio na mbele kulikuwa na vizuizi vingine. Mimi nilikaa kando yao nikijua ukweli, au nikidhani naujua, maana baada ya kumwona mama vile, mimi pia sikuwa na hakika. Nilitaka kumuuliza, "Lakini ni mchezo, sivyo?" Sikuthubutu, nikiogopa jibu.

Busia tulivuka kwa miguu katikati ya akina mama wa sokoni, kwenye kijia nyuma ya nyumba, mimi nikiwa na mkungu mdogo wa ndizi kichwani ambao sikujua ni wa nani. Hakuna aliyetusimamisha. Mama hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulipofika barabarani upande wa pili, chini ya bango la duka, alikuwa amesimama mtu aliyevaa koti la kazi, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Alipotuona alipiga kelele ya jina langu, akaja mbio, akachukua begi kutoka mikononi mwa mama, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilimrukia shingoni. Alinuka grisi na samaki, kama siku zote.

"Wafula," akaita, akimnyooshea mkono wake ulio huru. "Wafula wangu, njoo."

Wafula hakwenda. Alirudi nyuma ya gomesi la mama, akalishika kwa mikono miwili, akamchungulia yule mtu kutoka viatuni hadi usoni. Kisha akamvuta mama ainame, na kwa sauti ndogo ya mtoto aliyekwishajifunza, akamuuliza:

"Mama, na huyu tuseme ni nani?"

Mama, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu Bukoto, aliketi pale pale kando ya barabara, katikati ya watu wa sokoni, akalia. Baba alibaki amesimama na begi letu mkononi, akitutazama mmoja mmoja, akiuliza kuna nini, kuna nini.